Nimesahihisha Hadithi Kumi za Binti Yangu, ya Saba Imenishinda

Mpendwa mshauri Bi. Swabaha, naomba msaada wako hapo gazetini, na kabla sijaendelea nakupa shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi ipokee tu, maana leo mimi ndiye niliye chini. Nina miaka sitini na mbili, ni fundi wa visima, naishi chini ya Olmotonyi, na humu ndani majina yote ya watu nimeyabadilisha, ila namba sijabadilisha hata moja.

Shida yangu ni kitabu. Binti yangu wa kwanza, nitamwita Nanyori, anafundisha fizikia sekondari mkoa mwingine, na mwaka jana alitoa kitabu cha hadithi fupi za sayansi ya kubuni, yaani mambo ya miaka ijayo, watu wanaishi mwezini, mashine zinafikiri, vitu vya namna hiyo, kinaitwa Zizi la Mwezini, hadithi kumi na moja, kurasa 168. Watu wamekipenda, nakala za kwanza zimekwisha, sasa kinachapwa tena, na mwezi uliopita alikuja nyumbani akaniwekea kimoja mezani pamoja na penseli akasema, "Baba, wewe ndiye mtu wa hesabu kwenye ukoo huu. Nipitie namba zote kabla hawajachapa upya. Usinionee haya."

Mama yake akaangua kicheko. "Umejitakia mwenyewe! Huyu hata mahubiri anayapima kwa saa ya mkononi."

Bi. Swabaha, mimi niliishia darasa la saba, nilianza kazi kwa kubeba mabomba peku kwenye kampuni ya watu, miaka kumi na miwili nabeba mabomba ya watu, hesabu nimejifunza kwa kuangalia mshale wa geji, na leo nina mashine yangu mwenyewe na nimechimba visima arobaini na saba kuanzia upande wetu huu hadi karibu na Momela, kwa hiyo mtoto msomi aliponiletea kitabu nimsahihishe, sitakuficha, nilivimba kichwa, nikakaa nacho wiki mbili, nikakisoma mara mbili na penseli sikioni.

Maoni yangu juu ya kitabu ni haya. Hadithi ya kwanza ina ng'ombe mia tatu mwezini na tenki moja la lita elfu mbili, sasa ng'ombe wa kwetu hanywi chini ya lita thelathini kwa siku, na hata ukimpeleka mwezini tumbo anakwenda nalo lilelile, kwa hiyo wale wanyama walitakiwa wafe ukurasa wa tano lakini hadithi inaendelea nao mpaka wa kumi na saba, wamenona. Ya tatu ina lifti inayotoka kileleni Meru kwenda angani, imening'inia kwenye kamba ya chuma, na kila mchimba visima anajua kamba ikizidi urefu inajikata kwa uzito wake yenyewe, hilo nimeliandika pembeni kwa herufi kubwa. Ya tano ni ya mashine inayohubiri saa tisa bila kupumzika, hiyo sikuikuta na kosa la namba ila nimeandika, "Usiisome hii mbele ya mchungaji." Ya tisa ni ya mwanamke anayehifadhi sauti ya marehemu mama yake ndani ya kibati cha chumvi, hiyo mke wangu alinisikia naisoma kwa sauti akaacha kuchambua maharage, akajifuta macho na upindo wa khanga, nami nikaandika, "Nzuri, usiguse."

Ya saba inaitwa Fundi wa Sayari Nyekundu, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Inasema hivi. Mwaka 2140 watu wa kwetu wamehamia sayari nyingine, wanaishi chini ya paa la kioo, maji hakuna, wanawake wanatembea na matenki mgongoni siku nzima. Anatokea mtu mmoja, hana jina, anaitwa Fundi tu. Anachimba, anapata maji, watu wanachinja, wanaimba, anapewa kiti cha mbele. Lakini mashine yake ya kupimia ilikuwa imemwonyesha namba, 8.4, na namba hiyo ilimaanisha kwamba maji yale yana sumu ya taratibu, na Fundi akaufunika mshale wa ile mashine kwa kiganja. Basi. Hakusema uongo hata mara moja, alifunika tu. Baadaye watoto wanakua wamepinda miguu kama pinde, na wazee wanasema ni kwa sababu ya sayari, kwamba sayari ile haivuti watu chini sawasawa, ndiyo maana mifupa haijui kunyooka, na Fundi anaitikia kwa kichwa. Anazeeka anaheshimiwa. Mwisho mjukuu anamletea maji kikombeni, anakunywa, na hadithi imeishia hapo.

Imeishia hapo, Bi. Swabaha! Hakuna aliyemkamata, hakuna aliyemsamehe, kikombe tu. Mimi kama msomaji nalalamika, hadithi gani haina mwisho? Na kitu kingine. Kwenye ukurasa wa 104, pembeni ya ile 8.4, Nanyori ameandika kwa mkono wake, "Baba, namba hii iko sawa?" Katika kitabu kizima ni hapo tu alipoandika kitu.

Sasa nakueleza kilichonikaa rohoni. Miaka kumi na moja iliyopita nilichimba kisima cha kijiji chetu, mita tisini na mbili, bila malipo, kwa mikono yangu na dizeli yangu, kwa sababu mama zetu kiangazi walikuwa wanatembea kilomita saba kwenda na saba kurudi, na mama yangu mzazi aliumia kiuno kwenye njia hiyo hakupona tena. Maji yalipotoka watu walilia. Nikachukua sampuli kwenye chupa nikaipeleka maabara mjini kama inavyotakiwa, na karatasi ilirudi siku tatu kabla ya uzinduzi, floraidi miligramu 11.6 kwa lita, na inayokubalika ni 1.5. Mchungaji alishaalikwa, fahali alishafungwa, jina langu lilishachorwa kwenye tenki kwa rangi ya bluu. Nikaikunja ile karatasi mara nne nikaiweka kwenye sanduku la pampu, chini ya spana.

Usinielewe vibaya. Huku kwetu meno ya kahawia ni ya kawaida, mimi ninayo, baba alikuwa nayo, ukienda mjini wanakutambua umetoka wapi kabla hujataja jina, tunataniana kwayo, kijana akirudi na meno meupe tunamwuliza alilelewa na nani. Nikajiambia madhara yenyewe ni meno tu, nani amekufa kwa meno? Na siku ya uzinduzi nilipopewa nafasi nikasema maji ni mazuri ila akina mama wayachemshe kwanza, nikaona hapo nimewajibika. Mpaka miaka mitatu iliyopita ambapo mimi na mwenzangu wa kazi, Lemomo, tulikuwa tunakula mchana kwenye eneo la kazi, nikamwuliza kama mtu anayeuliza habari za jirani, maji yenye floraidi ukiyachemsha inakuwaje.

"Unaipika supu," akasema. "Maji yanaondoka na mvuke, ile kitu inabaki sufuriani. Unachemsha nini? Nani kakwambia?"

Nikasema nimesikia tu mahali.

Kuanzia hapo nikaanza kuhesabu, siwezi kuacha. Jumapili watoto wanapopita mbele kutoa sadaka natazama miguu. Mwezi uliopita walipita hamsini na wawili, na waliopinda walikuwa kumi na tisa. Na wa kumi na tisa ni Nasieku, mtoto wa Nanyori, ana miaka sita, tunaishi naye tangu ana miezi minane kwa sababu mama yake yuko mbali na kazi, na uji wake wote tangu aachishwe ziwa umepikwa na maji yangu, na makande yake yamelainishwa kwa magadi juu ya maji hayohayo. Juzi alikuwa amekaa kizingitini amenyoosha miguu, anayaangalia magoti yake yaliyoachana, mkono wangu ungepita katikati, akamwambia bibi yake, "Koko, magoti yangu yamenuniana." Bibi akacheka akamwambia yatapatana akikua. Nanyori alipouliza mwaka juzi kwa nini mtoto anatembea vile, aliyemjibu ni mimi. Nilimwambia alianza kutembea mapema. Alitembea na miezi kumi na mitatu, kama watoto wote.

Kwa hiyo nauliza, huyu binti anajua au hajui? Desemba ya mwaka juzi, kabla ya kitabu, alifungua lile sanduku kutafuta bisibisi, nilipokwenda kuangalia nikaikuta karatasi imekunjwa mara nne vilevile, lakini kama aliiona mbona aliandika 8.4, na kama hakuiona alimtoa wapi Fundi? Ni haki mtoto kumtengeneza baba yake kuwa mtu wa kitabuni? Kila nilichonacho nimekipata kwa jasho, sikurithi hata jembe, nimemsomesha mpaka chuo kikuu, leo amenifanya hadithi ya saba. Jumamosi anakuja kuchukua kitabu na masahihisho. Jumapili inayofuata, baada ya ibada, kuna usomaji kwenye ukumbi wa usharika, na amechagua kusoma hiyohiyo, na mimi nimewekewa kiti cha mbele kama mzazi na kama mwenye kisima. Nimwambie aiondoe? Nikiwa baba nina haki hiyo au sina? Na nikifumbua mdomo watu warudi mtoni kilomita saba?

Nimemaliza kurasa zote, hadithi kumi nimezijaza penseli. Ukurasa wa 104 uko mtupu, na swali lake linaniangalia. Kinachonitesa kuliko vyote ni kwamba jibu lake ninalo. Namba hiyo haiko sawa. Ni ndogo.

Wako, Mwenye Penseli,
Chini ya Olmotonyi.

*

Mwenye Penseli,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba, ingawa tunakaribiana.

Unapenda kuhesabu, nami nimekuhesabia. Umenieleza ng'ombe wa mwezini, kamba ya lifti, mashine ya mchungaji na kibati cha chumvi kabla hujalitaja jina la Nasieku. Umeniuliza haki ya baba juu ya kitabu. Hukuniuliza mtoto afanyiwe nini. Baba wewe, una uchungu na ukurasa wa 104 wakati sufuria ya uji iko jikoni inachemka!

Nikuonee huruma kwanza, nayo ni ya kweli. Nimekulia Kaloleni, bomba moja nyumba kumi na mbili, nimeshuhudia wanawake wakipigana kwa ndoo, najua maji yakitoka watu wanalia. Ulichimba kwa mapenzi. Na siku ile ya karatasi ulikuwa mtu aliyebanwa: fahali, mchungaji, rangi ya bluu. Kama ungeniandikia wiki ile, ningekuita mwoga tu nikakusaidia.

Lakini umeniandikia baada ya miaka kumi na moja. Na hiyo mitatu ya mwisho siwezi kukupunguzia hata siku moja, maana Lemomo alishakwambia juu ya supu, ukarudi nyumbani, ukakaa mezani, ukaangalia mtoto anapewa uji. Wewe ndiye uliyewafundisha akina mama kuchemsha, na mpaka leo wanachemsha kwa kukutii. Halafu unanung'unika kwamba umefanywa hadithi! Fundi wa kitabuni alifunika mshale mara moja. Wewe unaufunika kila Jumapili, sadaka ikipita.

Unauliza anajua au hajui. Mimi sijui, wewe hujui, na usimwulize, maana ukimwuliza utakuwa unatafuta kipimo cha kusema: akijua utasema kidogo, asipojua hutasema kabisa. Ninachokiona ni hiki: mtu anayetaka kukuanika hakuletei kitabu nyumbani na penseli kabla ya siku. Kama anajua, amekupa wiki nne za kusema mwenyewe. Kama hajui, basi aliandika tu kile ambacho mwalimu wa fizikia anakiona akiangalia mguu wa mwanawe na kuambiwa kwamba alitembea mapema. Kwa vyovyote vile, yeye ndiye mama wa yule mtoto, na amenyimwa habari na baba yake.

Sasa sikiliza, na usisubiri Jumamosi.

Leo hii, gazeti likiwa bado mkononi, maji ya kisima yatoke jikoni kwako. Ya kufulia, ya kuogea, ya kumwagia tofali, sawa. Ya kunywa na ya kupikia, hapana, na magadi yatoke kwenye chakula cha mtoto. Una mabati juu ya nyumba na una matenki, wewe ni mtu wa maji, usiniambie hujui kuvuna mvua. Mwambie mama watoto kwa nini. Atalia, atakufokea, mwache amalize.

Nanyori asingoje Jumamosi. Mpigie simu aje mapema, mpeleke Nasieku kwa daktari wa mifupa, mama yake akiwepo, na mweleze daktari namba, usimweleze habari ya kutembea mapema. Ana miaka sita, bado anakua. Sijui kitakachonyooka na kitakachobaki, na sitakudanganya ili ulale vizuri.

Kisha karatasi. Itoe chini ya spana uipeleke kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa idara ya maji, maji yapimwe upya, na uombe ushauri wa vichujio vya mkaa wa mifupa, vile vinavyopunguza floraidi, vipo, na watu wa mlimani wanavitumia. Unaniogopesha na kilomita saba. Hakuna aliyesema ufunge kisima kesho. Mtu mzima wa miaka hamsini anaweza kusubiri kichujio, mtoto mwenye meno ya maziwa hawezi. Zile lita chache za mvua na za kichujio ziende kwa watoto kwanza, na mgawo huo piga hesabu wewe, maana kijiji kizima hakuna anayekuzidi. Umechimba visima arobaini na saba, usinambie huwezi kujenga tenki la mvua shuleni.

Utapoteza jina. Watakusema sokoni, watakusema usharikani, huenda wakafuta ile rangi ya bluu. Wengine wana watoto miongoni mwa wale kumi na tisa na hawatakusamehe, na sina dawa ya hilo. Siku ya usomaji kile kiti cha mbele usikikalie. Simama, kabla binti yako hajafungua kitabu, useme habari ya karatasi kwa mdomo wako, na useme waziwazi kwamba kuchemsha kunazidisha, ili wanawake wakitoka pale waende kumwaga.

Kuhusu kuiondoa hadithi: hapana. Umeilalamikia kwamba haina mwisho. Haina kwa sababu Fundi hakusema neno mpaka kikombe kikamfika mkononi, na mwandishi mkweli hawezi kumsemea. Kumi zile umezisahihisha vizuri, hata hao ng'ombe nakubaliana nawe, wangekufa.

Imebaki moja. Fungua ukurasa wa 104. Binti yako ameuliza swali, mjibu. Kata 8.4, andika 11.6, na chini yake andika tarehe uliyoijua. Mpe mkononi, usimwachie mezani.

Na hapo usitumie penseli.

Swabaha